SOMO: Faili la mteja limeenda wapi? Deskitopu ya kompyuta yenye watumiaji wengi

Habari za kazi wanakikundi. Juzi dada wa zamu ya jioni pale steshenari yetu Mwanga alinipigia simu. Mteja kafuata mkataba wake wa kiwanja, asubuhi uliandikwa na kusevuliwa deskitopu, sasa haupo. "Kaka, umefutika." Nikamuuliza ameingia kwa akaunti gani. Ya kwake. Na aliyeandika asubuhi? Mwenzake. Basi haujafutika.

Deskitopu unayoiona ni mchanganyiko wa folda mbili: moja yako peke yako, nyingine ya watu wote wa mashine hiyo. Ni kama dagaa wa wavuvi wawili walioanikwa pamoja pale Kibirizi. Ukipita barabarani unaona dagaa tu, lakini wenyewe wanajua mpaka uko wapi. Windows nayo inajua.

Hatua ya 1. Fungua diski C, kisha folda ya Users. Kila aliyewahi kuingia na akaunti yake ana folda humo. Usishangae jina likiwa geni: ukiwa umefungua akaunti kwa baruapepe ya Microsoft, folda huchukua herufi tano za mwanzo za baruapepe hiyo. Ya kwetu inaanza na "steshenari", folda ikaitwa stesh. Na ukibadilisha jina la akaunti baadaye, folda inabaki na jina lake la zamani. (Kwa wale wenye mashine za Windows XP ambazo bado zinachapa: kwenu ni Documents and Settings. Users ilikuja na Windows Vista, 2007.)

Hatua ya 2. Ingia folda ya aliyeandika, halafu Desktop. Ukiwa msimamizi wa mashine (mwenye akaunti yenye mamlaka juu ya mashine nzima) utaulizwa kama unataka kuendelea, unakubali. Ukiwa na akaunti ya kawaida utadaiwa nywila ya msimamizi. Kisanduku cha kutafutia hakitakusaidia hapa, maana hakikuletei faili za mwenzako. Ndiyo sababu dada alitafuta nusu saa akatoka kapa.

Hatua ya 3. Sasa ile folda ya wote. Iko C:\Users\Public\Desktop, lakini imefichwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:common desktop, bonyeza Enter. Humo ndimo programu nyingi huweka alama zao zinaposakinishwa kwenye mashine, kwa hiyo kila mtu anaziona. Kuweka kitu humo kunataka ruhusa ya msimamizi.

Hatua ya 4. Kazi za wateja usizisevu deskitopu kabisa. Tengeneza folda ndani ya C:\Users\Public\Documents, ambako kila mwenye akaunti anafika, kisha weka njia yake ya mkato (shortcut, ile alama ya kuifungulia) kwenye ile deskitopu ya wote. Sisi tumeiita KAZI ZA LEO. Ila barua ya siri ya mtu isikae humo, kila mfanyakazi ataisoma.

Onyo moja, na hili lilinikuta mwenyewe. Kijana aliacha kazi, nikafuta akaunti yake bila kusoma swali lililotokea. Deskitopu yake iliondoka nayo, ikiwa na kadi za harusi ambazo hazijachapwa. Nilikaa usiku kucha nikiziandika upya, umeme nao ukikatika mara mbili. Nakili folda yake kwanza, ndipo ufute.

MASWALI

Swali (Kasulu): Shikamoo mwalimu. Nimefuta alama ya Word kwangu, na wenzangu wote hawaioni tena. Nimeiharibu?
Jibu: Marahaba. Alama ilikuwa kwenye folda ya wote, na bila shaka ulikubali ruhusa ya msimamizi bila kusoma. Programu yenyewe ipo. Itafute kwenye menyu ya kuanzia, rudisha njia ya mkato kwa hatua ya 3.

Swali (Ujiji): Kaka, mimi folda yangu ya Desktop ni tupu, lakini deskitopu imejaa faili!
Jibu: Angalia ndani ya folda ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), iliyo chini ya jina lako hapohapo. OneDrive ikiwashwa kuhifadhi deskitopu, inaihamishia kwake. Wengi wanadhani ni virusi.

Swali (Kibondo): Na kwenye Ubuntu?
Jibu: /home, jina lako, Desktop. Kwa Mac ni /Users, jina lako, Desktop. Mac haina deskitopu ya wote, ila ina folda ya Shared ya kupeana vitu.

Swali (Uvinza): Mke wangu na mimi tunatumia mashine moja. Anaweza kuona vyangu?
Jibu: Akiwa na akaunti ya kawaida, hapana. Akiwa msimamizi, ndiyo. Na akishakubali kuendelea mara moja, ruhusa hiyo inabaki. Mengine mzungumze nyumbani.

Swali (Kigoma mjini): Fundi anakuja kesho kupiga Windows upya. Vya deskitopu vitabaki?
Jibu: Akifomati C, vinakwenda vyote. Fundi atakuuliza "umeshahifadhi vitu vyako?", nawe utasema ndiyo ukifikiria vya kwako tu. Leo usiku fungua Users, hesabu majina yote yaliyomo, nakili folda ya kila jina kwenye diski ya nje. Na Public usiisahau.