Jinsi ya kupiganisha injini za chesi kwenye laptopu yako

Watu wengi wakishapata injini mbili, yaani programu za kompyuta zinazocheza chesi, wanazichezesha gemu moja, moja ikipigwa basi ubishi unaanza. Gemu moja haikwambii kitu aisee. 1995 pale Hong Kong, ubingwa wa dunia wa chesi ya kompyuta, raundi tano tu, injini ya Fritz ikiwa kwenye PC ya kawaida ya Pentium iliifunga mashine ya majaribio ya Deep Blue ya IBM alafu ikabeba kombe, na miaka miwili mbele Deep Blue yenyewe ikamtoa jasho bingwa wa dunia Kasparov mpaka akafungwa. Sasa we unataka kuamua kwa gemu moja?

Shusha Cute Chess, programu ya kupiganisha injini, ni ya bure, alafu shusha injini ya Stockfish na zingine mbili tatu, zipo kibao za bure. Ziingize kwenye mipangilio, kisha fungua shindano jipya uchague mfumo wa kila injini kukutana na kila injini. Hapa usibane, maana Stockholm 1974, ubingwa wa kwanza kabisa, programu 13 zilicheza raundi nne tu, Kaissa ya Wasovieti ikashinda zote nne bila hata kukutana na Chess 4.0 ya Marekani iliyokuwa inaogopwa, ikabidi wazichezeshe pembeni baada ya mashindano, na ikaisha sare.

Muda weka hata dakika moja na sekunde moja ya nyongeza kila hatua. Memori na idadi ya kori za prosesa ziwe sawa kwa zote, na zima ile ya kufikiri wakati wa zamu ya mwenzake, la sivyo zinaibiana prosesa.

Sasa kwenye ufunguzi, yaani hatua za kwanza za gemu, ndo wengi wanachemka. Ukiziacha zianze zenyewe utapata sare mpaka uchoke, injini za siku hizi ngumu mno. Wale wa TCEC, shindano la injini la mtandaoni, wanazipa ufunguzi uliochaguliwa na watu, wenye upande mmoja kubanwa kidogo, na kila injini inacheza nyeupe na nyeusi kwenye ufunguzi uleule. Nawe pakia faili la funguzi, weka gemu mbili mbili, tiki sehemu ya kurudia ufunguzi.

Chomeka chaja, laptopu isilale, we kalale. Asubuhi fungua faili la PGN, lile lenye rekodi ya gemu zote, tafuta pale injini moja inasema imeshinda na nyingine inasema ngoma droo, mi naanziaga hapo.