Kusoma riwaya ya picha hina ikikauka

Hina ya biarusi haina haraka. Nikishamaliza kumchora mikono na miguu, hukaa mkekani ametanua vidole kama kaa, nami hukaa naye hadi ikauke. Huo ndio muda ulionifanya msomaji. Hapa kwetu Langoni, Lamu, nina sanduku la riwaya za picha kumi na moja, yaani hadithi ndefu zinazosimuliwa kwa michoro na maneno pamoja, karibu zote zimeachwa na wageni kwenye nyumba ya kulala anakofanya kazi ndugu yangu huko Shela. Mabiarusi huniuliza, "Halati, haya si mambo ya watoto?" Basi humwekea mmoja kitabu mbele yake nikamwonyesha namna ya kukisoma, hivi.

Anza kwa kuziba maneno. Chukua kipande cha karatasi, funika viputo vyote vya maneno ya wahusika katika kurasa kumi za mwanzo, utazame picha tupu. Ukitambua nani ana hasira na nani, nani mwenye nyumba na nani amekuja kukopa, mchoraji anajua kazi. Ukiona vichwa viwili vinatazamana ukurasa baada ya ukurasa, na kinachowatofautisha ni nywele tu, jua mwandishi ndiye anayembeba mwenzake mgongoni.

Mimi macho yangu huenda kwenye mikono. Ndiyo kazi yangu, siwezi kujizuia. Mkono ni mgumu kuchora kuliko uso, na mchoraji mvivu huuficha: mfukoni, chini ya meza, ndani ya nguo. Nikipita kurasa ishirini sijaona kiganja kilichofunguka, naanza kumshuku.

Lakini usimhukumu mtu kwa sababu mistari yake si mizuri. *Maus* ya Art Spiegelman, hadithi ya Wayahudi waliowindwa na Wanazi, iliyopewa tuzo maalumu ya Pulitzer ya Marekani mwaka 1992, ina michoro ya kukwaruza, fremu (visanduku vya picha) ndogo zilizobanana, Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka, Wapolandi ni nguruwe. Mara ya kwanza niliirudisha sandukuni. Niliporudi nayo nikafika pale panya anapotaka kupita mtaani asijulikane, na mchoraji amemvisha barakoa ya nguruwe. Hakuna maneno yanayoeleza hofu ile, barakoa imetosha. Mchoro safi zaidi ungeniharibia.

Sasa geuza kazi: soma maneno peke yake, kwa sauti. Vitabu vyangu ni vya Kiingereza, kwa hiyo mimi humsomea biarusi kwa Kiswahili chetu papo hapo, na hapo ndipo mwandishi hupimwa. *Aya*, iliyoanza kutoka Ufaransa mwaka 2005, ni ya watu wawili: Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan huko Côte d'Ivoire, ndiye aliyeandika, na Clément Oubrerie ndiye aliyechora. Wasichana wa Yopougon, mtaa wa Abidjan, wanakutana na wapenzi wao usiku sokoni, kwenye meza za wachuuzi, mahali walipopaita Hoteli ya Nyota Elfu. Nilipoisoma kwa sauti, mama wa biarusi aliyekuwa jikoni alikuja kusimama mlangoni na mwiko mkononi, akataka kujua hao ni watoto wa nani. Mazungumzo yakimtoa mtu jikoni, yameandikwa vizuri. (Mwishoni wamekuonyesha hata namna ya kufunga vitambaa vyao. Mimi nasema leso inashinda.)

Ukishayaona mawili hayo mbalimbali, yaunganishe, uulize swali moja tu: je, neno na picha vinasema jambo lilelile? Fremu ikimwonyesha mtu anafungua mlango, na juu yake imeandikwa kwamba mtu alifungua mlango, mmojawapo alilala kazini. Nimekutana na vitabu vya rangi za kupendeza, karatasi nzito, vimejaa ulalaji huo.

Fungua *Persepolis* ya Marjane Satrapi, aliyoiandika na kuichora mwenyewe, ukurasa wa kwanza kabisa. Ni Irani, mwaka 1980. Fremu ya kwanza yuko yeye, msichana wa miaka kumi, amevaa mtandio, amekunja mikono. Fremu ya pili ni picha ya darasa, na anatuambia kwamba ameketi mwisho kushoto, ndiyo maana hatumwoni. Maneno yanasema yupo, picha inasema hayupo. Yote mawili ni kweli, na hadithi nzima ya mtoto yule imeshaanza.

Kitabu hicho hakina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, kama piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, kwenye ngozi. Katika piko ua halifanywi na weusi peke yake. Ngozi uliyoiacha ndiyo inayolifanya ua, na ukijaza kila mahali umempaka mtu masizi. Kwa hiyo tazama mchoraji alichokiacha, pamoja na mwanya kati ya fremu na fremu, maana mambo mengine hutokea humo. Siku moja koni ninayochorea ilinivuja, tone la piko likaangukia kwenye mtandio mweusi wa msichana mmoja. Sikuliona. Niliinamisha kitabu kwenye taa ndipo likang'aa kidogo. Tone la pili lilianguka kwenye ukuta mweupe, na mpaka leo ukuta ule una dirisha ambalo Satrapi hakulichora.

Vitabu vya picha vya Kijapani husomwa kutoka kulia. Watoto wa madrasa hawapati shida, ni wazazi wao wanaoanzia mwisho.

Maoni yako yaandike, mstari mmoja kwa mwandishi na mmoja kwa mchoraji, na utie namba ya ukurasa. "Picha nzuri" usiandike, hata mimi huambiwa hivyo na mtu ambaye hajatazama mkono wake. Na kitabu usikiazime nje. Changu kimoja kilirudi bila kurasa nne.

Kuna kipimo kingine sikukitafuta. Biarusi hawezi kugusa karatasi, kwa hiyo mimi ndiye ninayefunua kurasa, naye husema "geuza". Nikawa nahesabu. Kwenye mapigano husema geuza, geuza, geuza. Kwenye chumba kitupu chenye kiti kimoja hunyamaza. Wiki iliyopita mmoja tulifika naye kwenye ile picha ya darasa, nikashika pembe ya ukurasa.

"Ngoja," akasema. Akainama hadi koni ikamgusa shavuni. "Huu hapa ukingoni si mkono wake?"