Kujenga Katika Ardhi ya Wabenet Bila Kuharibu Chemchemi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya fundi mkuu, msimamizi wa kazi au mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya kujenga darasa, kituo cha afya au tangi la maji kwenye miteremko ya juu ya Mlima Elgon nchini Uganda, upande wa wilaya za Kapchorwa, Kween na Bukwo, wanakoishi Wabenet. Anayejenga karibu na Watwa wa Kisoro au watu wa Ik kule Kaabong atapata ya kumfaa pia, lakini mimi nimefanya kazi Elgon, na mifano yangu yote inatoka huko.

Wabenet, ambao wenyewe hujiita Mosopisyek, waliishi kwa mifugo, uwindaji na asali katika msitu na nyika za juu za mlima huu. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 za kuwahamishia, mwaka 1993 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikawatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo hilo, ingawa familia nyingi hadi leo hazina ardhi ya uhakika. Fundi anapaswa kuyajua haya kabla ya kushika sururu, kwa sababu kipande kidogo walichobaki nacho kinabeba shamba, malisho, chemchemi na miti ya mizinga kwa pamoja, na ukikiharibu hawana kwingine pa kuhamia.

Hatua ya kwanza: tembea na wenyeji kabla ya kupima kiwanja

Tenga siku mbili nzima. Siku ya kwanza tembea na wazee, wakuonyeshe mapito ya ng'ombe, mapango ambayo mifugo huingia kulamba chumvi, makaburi, na miti inayotundikwa mizinga au kutolewa gome la dawa. Siku ya pili tembea na wanawake peke yao, kwa kuwa wao ndio wanaochota maji na ndio wanaojua ni chemchemi ipi isiyokauka mwezi wa Januari. Wazee wengi wanaelewa Kiswahili cha sokoni kutokana na biashara ya Suam, mpakani na Kenya, lakini habari za ardhi huelezwa vizuri zaidi kwa Kikupsabiny, kwa hiyo mtafute mkalimani ambaye wenyeji wenyewe wamemkubali.

Kila mnachoonyeshwa kitieni katika mchoro wa kazi siku hiyo hiyo, kwa kalamu nyekundu, na kiwekeeni kijiti chenye kitambaa pale pale ardhini, kwa sababu dereva wa katapila hasomi mchoro akiwa kazini bali hutazama ardhi iliyo mbele yake.

Nasisitiza siku ya wanawake kwa sababu tuliwahi kuiruka. Katika mojawapo ya kazi zangu za mwanzo, katapila lilikata njia ya lori juu ya chemchemi ambayo hakuna mwanamume aliyeitaja. Mvua ya kwanza ya Aprili ilinyesha usiku. Asubuhi bibi mmoja alinijia na kibuyu, akanimiminia maji kiganjani, na yalipokwisha kupita katikati ya vidole likabaki tope jekundu, laini kama unga wa wimbi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, watoto wanywe nini leo?" Tulifanya kazi karibu wiki tatu kuirudisha chemchemi ile, na muda huo wote wanawake walipanda na kushuka bonde jingine wakiwa na madumu mgongoni. Sijaisahau aibu ile, na hatua nyingi zinazofuata zimetokana nayo.

Hatua ya pili: ridhaa na vibali

Itisheni kikao kupitia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wazee wa ukoo, waelezeni wenyeji kwa uwazi kitakachochimbwa, kitakachokatwa na muda kitakaochukua, kisha waacheni wakajadiliane bila ninyi kuwapo. Nendeni mkiwa na eneo la pili mkononi, kwa maana kumwomba mtu ridhaa huku huna mahali pengine pa kujenga ni kumlazimisha kwa maneno matamu.

Kwa upande wa serikali, anzeni na ofisa mazingira wa wilaya. Chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hutaka muhtasari wa mradi kwa kazi za kiwango fulani na tathmini kamili ya athari kwa zile kubwa zaidi. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 100 kando ya mito iliyoorodheshwa na mita 30 kando ya mito mingine. Kijito kidogo kinachopita nyuma ya shule ni mto pia, kwa hiyo zipimeni mita hizo 30 kuanzia pale maji yanapofika wakati wa mafuriko. Mkiwa karibu na mpaka wa hifadhi, wahusisheni pia watu wa Mamlaka ya Wanyamapori.

Hatua ya tatu: yageuze maji kabla ya kuufungua udongo

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Udongo wa Elgon ni wa volkano, una rutuba na mfinyanzi mwingi, na ukivuliwa majani kwenye mteremko huondoka na mvua ya kwanza. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuchimbwa ni mfereji wa kuyageuza maji upande wa juu wa kiwanja, na msingi huja baada yake. Ikiwezekana, kazi yote ya udongo ifanyike kati ya Desemba na Februari.

Kupima mfereji huo hakuhitaji mashine. Chukua miti miwili iliyonyooka, ifunge pamoja juu na uipanue miguu yake hadi iachane mita 2 kamili, kisha funga mti wa tatu katikati ili upate umbo la herufi A. Toka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha kipimo chako juu ya vigingi viwili, weka alama pale kamba inapougusa mti wa kati, geuza miguu ibadilishane nafasi juu ya vigingi vile vile, weka alama ya pili. Nukta iliyo katikati kabisa ya alama hizo ndiyo usawa wako. Sasa gongomelea kipande cha ubao cha unene wa sentimita 2 chini ya mguu mmoja, na uutangulize mguu huo kuelekea unakotaka maji yaende. Kila mara kamba ikitulia kwenye nukta ya usawa, ardhi imeshuka sentimita 2 kwa kila mita 2, yaani moja kwa mia, mteremko unaotosha kuyatembeza maji bila kuyafanya yachimbe mfereji.

Udongo unaochimbwa utupwe upande wa chini, kwa mtindo ambao wakulima wetu wanaujua kwa jina la fanya chini, ili uwe tuta. Mwisho wa mfereji utoke penye majani mazito au penye mawe yaliyopangwa, na kamwe usitokee katika shamba la jirani.

Upande wa chini wa kiwanja chimbeni shimo la kutulizia tope, angalau mita 2 kwa 1 na kina cha mita 1, na mlizoe likifika nusu. Mbele yake simamisheni uzio wa magunia ya plastiki yaliyopasuliwa, ncha ya chini ikizikwa sentimita 20 ardhini. Uzio ambao haukuzikwa ni pambo, kwa sababu maji hupita chini yake.

Hatua ya nne: udongo wa juu na miti

Ondoeni sentimita 20 za juu mziweke kando katika lundo lisilozidi urefu wa mita 2, lifunikwe kwa majani. Ndizo zitakazorudishwa mwishoni. Mti wenye kitambaa haukatwi, wala magari hayaegeshwi chini yake, kwa kuwa uzito wa lori huukandamiza udongo hadi mizizi ikakosa hewa na mti ukafa polepole baada ya ninyi kuondoka.

Hatua ya tano: acheni tofali la kuchoma

Tanuri la matofali hula kuni nyingi, na kuni za huko juu hutoka hifadhini. Anayekamatwa na askari wa hifadhi akiwa na mzigo ni kijana wa Kibenet aliyetumwa na mkandarasi, wala si mkandarasi mwenyewe. Jambo hili linaniumiza, na ndiyo maana siku hizi natumia matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungana yenyewe.

Upimeni udongo kwanza. Jaza theluthi moja ya chupa angavu kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiache hadi kesho yake. Mchanga hutua chini mara moja, udongo laini hufuata, na mfinyanzi hukaa juu. Tabaka la mfinyanzi likizidi karibu theluthi moja ya udongo wote, kama ilivyo kawaida Elgon, changanyeni mchanga, lakini msiutoe mtoni bila kibali. Tumieni kwanza udongo uliotoka kwenye msingi, ili msifungue shimo jingine. Saruji huwa sehemu 5 hadi 8 kwa mia. Matofali yafunikwe kwa turubai na kunyunyiziwa maji siku 7 bila kukosa, kisha yasubiri hadi siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo mkubwa.

Hatua ya sita: saruji, mafuta na vyoo

Maji ya kuoshea karai na mashine ya zege yana ukali unaounguza ngozi na kuua samaki. Yamwagwe katika shimo lililotandikwa turubai, na saruji ikishagandamana itolewe kama kifusi. Mapipa ya dizeli yakae juu ya sakafu yenye ukingo unaoweza kuzuia zaidi ya ujazo wa pipa zima. Choo cha vibarua kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye chemchemi, tena upande wake wa chini.

Hatua ya saba: wafanyakazi

Ajirini wenyeji kwanza. Kambi ya wageni huleta ukataji wa kuni, mitego ya wanyama na mabaya makubwa zaidi. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi wa barabara uliojumuisha sehemu ya Kamwenge hadi Fort Portal, kutokana na madhara ambayo jamii ilitendewa, yakiwemo maovu ya wafanyakazi dhidi ya wasichana wadogo. Kanuni za mwenendo zisomwe kwa sauti kwa kila anayeingia kazini, mbele ya wenyeji.

Hatua ya nane: chupa mbili kila asubuhi

Kila siku saa moja asubuhi jazeni chupa moja angavu kwa maji ya kijito yaliyo juu ya kiwanja na nyingine kwa maji ya chini yake, ziandikeni tarehe, mziweke kando kwa kando dirishani. Rangi zikitofautiana, kazi ya udongo isimame hadi chanzo kipatikane. Kazi ya kujaza chupa wapeni akina mama wawili kwa malipo, na neno lao la kusimamisha kazi liandikwe katika mkataba.

Hatua ya tisa: kufunga kazi

Rudisheni udongo wa juu, pandeni majani ya tembo kwenye kingo, na fukieni mashimo yaliyochimbwa marramu (udongo wa changarawe) yasigeuke madimbwi ya mbu. Kisha zuieni sehemu ya malipo ya mwisho ya mkandarasi hadi mvua kubwa za kwanza zipite. Zikipita, pandeni tena mlimani pamoja na wanawake wale wale wa siku ya pili, mtembee kutoka chemchemi hadi chemchemi, na cheti cha makabidhiano kitiwe sahihi pale pale majini.