Kupanga safari ya Margherita: anzia usiku wa Elena

Daftari langu la safari naliandika kutoka mwisho kuja mwanzo. Juu kabisa ya ukurasa naandika Elena, kibanda kilichoko mita 4,541 kwenye milima ya Rwenzori, ambako wapandaji hulala usiku wa mwisho kabla ya Margherita, kilele chake kirefu kuliko vyote. Chini yake najiuliza: ili mtu afike hapo akiwa na pumzi na akili timamu, jana yake alale wapi? Na juzi yake? Nashuka hivyo hivyo mpaka nafika kituo cha basi Kasese, mji ulio chini ya mlima, magharibi mwa Uganda. Nikishajua ni siku ngapi, ndipo habari ya pesa inaanza. Wengi wanaonipigia simu hupanga kinyume. Wana likizo ya siku sita, wana kiasi fulani mfukoni, wanataka mlima uingie humo.

Nimezaliwa Kilembe, baba akiwa mgodini. Wachimbaji wa shaba walitoka kila kabila, kwa hiyo nyumba kwa nyumba tulisema Kiswahili. Mlimani niliingia kama mpishi, na leo napanga safari za watu wa Kampala, Nairobi, Goma na Mwanza. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia wote.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Margherita ina mita 5,109, ni kilele cha mlima wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na mpaka wa Uganda na Kongo unapita pale pale juu. Aliyefika Uhuru kule Kilimanjaro, mita 5,895, huniambia huku ni mchezo tu. Simlaumu, anahesabu mita. Lakini njia za kawaida za Kilimanjaro unazitembea kwa miguu yako mpaka juu bila kamba. Huku kuna mizizi yenye utelezi, kinamasi, miamba iliyolowa, na mwishoni barafu ya kupandwa kwa kamba, shoka la barafu na meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, yale tunayoyaita kramponi.

Sasa siku. Njia ya kati inaanzia Nyakalengija, kama mita 1,650. Usiku wa kwanza unalala kibanda cha Nyabitaba, karibu 2,650. Wa pili John Matte, takriban 3,400. Wa tatu Bujuku, karibu 3,960. Wa nne Elena. Alfajiri ya siku ya tano unapanda kilele, unashuka kulala Kitandara kwenye maziwa yake mawili, kama mita 4,020. Siku ya sita Guy Yeoman, ya saba nyumbani. Huo ndio mpango wa siku saba ambao utauziwa na karibu kila mtu.

Mimi nauza siku nane. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Hebu piga hesabu kwenye mpango wa siku saba: kutoka John Matte kwenda Bujuku umeshazidisha, na kutoka Bujuku kwenda Elena umezidisha tena, usiku mbili mfululizo. Kwa hiyo naongeza usiku wa pili Bujuku. Siku hiyo watu wanapanda taratibu juu ya kibanda saa mbili tatu, wanashuka, wanakula, wanalala. Hakuna siku yenye faida kubwa kuliko hiyo, na ndiyo ya kwanza kukatwa na mtu anayetaka kupunguza gharama.

Niliyaona haya nikiwa bado mpishi. Mwenye safari alikuwa ameuza siku chache kuliko hizo saba, akiunganisha vituo viwili vya chini kuwa kimoja. Kijana mmoja wa kikundi hicho alifika Elena akikohoa. Nilimpelekea chai ya tangawizi, akashindwa kuimaliza kwa sababu hakuweza kushika pumzi muda wa kumeza. Alikuwa amekaa tu, hafanyi chochote, na anahema kama aliyekimbia. Nilipomwinamia kumfunika blanketi nikasikia kifuani mwake sauti kama ya uji unaotokota. Yale ni maji kwenye mapafu. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku huo huo, hata kama mvua inanyesha.

Hapo kuna jambo ambalo lazima mpangaji alijue kabla hajatoka nyumbani. Kiongozi wetu alitaka kumpeleka mbele, Kitandara, kwa kuwa ndiko ratiba ilikoelekea na mizigo ilikuwa inakwenda huko. Mpagazi mmoja mzee, Mkonzo, yaani mtu wa kabila la wenyeji wa Rwenzori, aliyeujua mlima tangu utoto, akakataa katakata. Ukishuka Kitandara umeingia kwenye bakuli: ili utoke huna budi kupanda tena mlango wa Freshfield, yaani pengo la kuvukia kati ya milima, mita 4,282. Mgonjwa wa mapafu humpandishi tena. Tukamrudisha tulikotoka, Bujuku, wapagazi wakipokezana kumshika mkono na kiuno gizani, na kulipokucha wakaendelea naye chini. Alipona. Tangu siku ile, kwenye daftari langu kila kituo kina mstari mmoja pembeni: mtu akiugua hapa, anatokea njia ipi, nani anamshusha, na nani anabaki na wenzake. Muulize mtu anayekuuzia safari maswali hayo matatu kwa kila kituo. Akibabaika, tafuta mwingine.

Dalili nyingine ya hatari ni ya ubongo: mtu anayumba kama mlevi, anajibu mambo yasiyohusu. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asipoweza, anashuka. Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula ni kwa wengi, na pengine huisha kwa kupumzika, ila ukiwa navyo hupandi zaidi mpaka viishe. Kuna dawa ya kuzuia, Diamox, ambayo daktari wako anaweza kukuandikia. Mweleze kama una mzio wa dawa za salfa. Dawa hiyo haichukui nafasi ya ile siku ya Bujuku.

Msimu usikusumbue sana. Katikati ya Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi yenye nafuu. Nimesema nafuu. Mvua ya Rwenzori haina ratiba, na nimeloweshwa Januari kama Aprili.

Kuna pia njia ya kusini, inayopanda kutoka Kilembe. Ni ndefu zaidi, vituo vyake ni vingi zaidi, na kwa hiyo mwili unazoea vizuri zaidi. Kwa mtu mwenye siku nane au tisa mimi humshauri hiyo, na si kwa sababu ni kwetu. Mwenye haraka na anayetaka kuuzunguka mlima kwa duara atapenda Nyakalengija.

Viatu. Hapa naomba unisikilize, maana ndipo wageni wanapotumia pesa nyingi na kukosea. Kile kiatu chako cha ngozi cha kutembelea milimani kitakufaa siku ya kwanza, na tena siku ya kilele. Katikati unavaa gambuti. Kinamasi cha Bigo, kati ya John Matte na Bujuku, kina vishungi vya nyasi vilivyosimama kama viti, na katikati yake tope jeusi. Unaruka kishungi hadi kishungi, na usiporuka sawa unazama mpaka gotini. Sehemu nyingine wamejenga daraja la mbao, si kote. Nunua gambuti Kasese sokoni, namba moja zaidi ya kiatu chako, uvae ndani soksi mbili: nyembamba kwanza, kisha nene ya sufu. Kabla ya kulipa, simama dukani, inua kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, kisha vuta mguu juu kwa nguvu. Kisigino kikichomoka, hata tope litakichomoa. Jozi moja ya soksi iwe ya kulalia tu, ikae ndani ya mfuko wa plastiki, na usiivae njiani hata ulie.

Kramponi hazifungwi kwenye gambuti, kwa hiyo lile buti lako gumu la ngozi lazima libebwe mpaka Elena. Kama unakodi vifaa, vijaribu Kasese mchana: kramponi kwenye buti lako, mkanda wa kamba kiunoni juu ya suruali zote utakazovaa, kofia ngumu juu ya kofia ya sufu, tochi ya kichwani na betri za akiba. Kutoka Elena mnaondoka kama saa nane au saa tisa usiku, vidole vimekufa ganzi. Kugundua saa hiyo kwamba skrubu imeshika kutu ni kuuza kilele kwa jambo la dakika tano.

Na kabla hujalipa, muulize kiongozi wako: mara ya mwisho ulifika juu lini? Barafu ya Rwenzori inayeyuka mwaka hadi mwaka. Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alipofika kileleni mara ya kwanza mwaka 1906 na kukipa jina la Malkia Margherita, mama wa mfalme wao, alikanyaga barafu mahali pengi ambapo leo ni mwamba mtupu. Njia ya msimu uliopita inaweza kuwa imefunguka ufa. Wazee wa Kikonzo husema theluji, nzururu, ni makao ya Kitasamba, mungu wao wa mlima, na nimewaona wakinyamaza wakiitazama ilivyobaki. Mimi pia huwa nanyamaza.

Chakula. Maji kule Elena yanachemka kwenye joto la nyuzi 85 hivi, si 100. Maharage yatachemka tangu mchana mpaka usiku na bado yatakuwa kama kokoto. Mpishi anayejua kazi hubeba sufuria ya presha, au huyachemsha chini na kuyapandisha yakiwa tayari kwa siku za mwanzo, na juu hupika dengu, wali, viazi na supu. Uliza menyu ya siku ya nne na ya tano. Ukiona posho, yaani ugali, na maharage makavu mpaka Elena, huyo hajawahi kupika huko. Na wewe beba kitu kimoja unachokipenda hata ukiwa huna hamu ya kula. Wangu ni njugu za kukaanga na sukari guru.

Wapagazi usiwaachie mwenye kampuni peke yake. Uliza kila mmoja anabeba kilo ngapi, analala wapi, ana gambuti na koti la mvua au hana. Mizigo ipimwe kwa mizani mbele yako asubuhi ya kuondoka. Mpagazi anayelala ameloa Bujuku ndiye huyo unayemtegemea akushushe ukiugua. Bahasha za bahshishi ziandae ukiwa Kasese, kwa shilingi, noti ndogo ndogo, ya kila mtu peke yake, na umpe mwenyewe mkononi.

Mazoezi anza miezi minne kabla. Wa Kampala wana vilima na ngazi za maghorofa; panda na kushuka ukiwa na mkoba wa kilo nane, mara tatu kwa wiki, na siku moja ya wiki tembea saa sita bila kukata. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo usichukue lifti kurudi chini.

Bima isome sentensi kwa sentensi, maana nyingi zinakata kwenye mita 4,000 au zinakataa safari ya kamba. Vibali vya hifadhi vinatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na kupanda bila kiongozi hakuruhusiwi. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi.

Ratiba ikishakaa, ongeza siku moja Kasese kabla ya kupanda. Basi la Kampala linaweza kuchelewa, begi linaweza kupotea, na vifaa vinahitaji mwanga wa mchana. Jioni hiyo mimi huwakalisha watu wote mezani, mpishi na kiongozi wakiwepo, nawasomea daftari kuanzia Elena mpaka chini, na kila mmoja ananiambia mbele ya wenzake anaumwa nini, anatumia dawa gani, na nani apigiwe simu. Kisha naandika jina la anayekwenda polepole kuliko wote. Kesho yake asubuhi, Nyakalengija, mizigo ikishapimwa, huyo ndiye anayetangulia nyuma ya kiongozi, na wengine wote wanafuata hatua zake.