Kumfundisha mja mzito wa visiwani kutambua uchungu wa mapema

Anza na tarehe, dalili baadaye. Uzazi wa kabla ya wakati ni ule wa kabla ya wiki 37 kutimia, lakini visiwani Lamu wapo wengi wanaohesabu mimba kwa mwandamo. Miezi 8 ya mwandamo ni siku 236 hivi, yaani wiki 33 na siku 5 tu. Anayesema "wa minane huu, nazaa wakati wowote" bado ana wiki 3 na ushei kufika hiyo ya 37. Chukua kalenda, hesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, zungushia wiki ya 24, ya 34 na ya 37, kisha mpe aondoke nayo.

Wa kukaliwa naye zaidi ni aliyewahi kuzaa kabla ya wakati, mwenye mapacha, na aliyeshika mimba miezi michache tu baada ya kuzaa. Mkojo upimwe maambukizi hata kama hauchomi, na akipewa dawa azimalize.

Sasa mfundishe mkono wake. Akojoe, alale ubavu wa kushoto, aweke ncha za vidole pale kizazi kinapoishia juu. Tumbo lililolegea ni kama shavu. Lililokaza ni gumu kama paji la uso. Aguse usoni kwanza, kisha tumboni. Ahesabu tangu mkazo unapoanza hadi unaofuata unapoanza. Wengi huanza kuhesabu mkazo ukishaachia, na hapo hesabu yote huharibika.

Mikazo minne ndani ya dakika 20, au sita ndani ya saa moja: aondoke. Ikiwa michache, anywe glasi 2 au 3 za maji, apumzike saa moja huku akihesabu. Isipotulia, aende. Maji hayazuii uchungu wa kweli. Hutuliza tumbo lililokaza kwa joto na kiu, jambo la kawaida wakati wa kaskazi. Damu, maji yanayotiririka, homa au mtoto kupunguza kucheza havingojewi hata hiyo saa moja. Akishindwa kujua kama ni mkojo au chupa ya uzazi imepasuka, avae pedi safi na aje nayo, asijiingize kidole.

Kikwazo kikubwa ni neno "chango". Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka, au uzito chini ya kinena, huitwa chango, na mama hukandwa tumbo na kunyweshwa mitishamba hadi usiku. Usilibeze neno hilo mbele ya bibi yake. Sema: "Chango kinachokuja kwa mpangilio tukione sisi kwanza."

Eleza pia kwa nini haraka. Kati ya wiki 24 na 34, hospitali yenye uwezo wa kumtunza mtoto mchanga kama huyo huweza kumpa mama deksamethasoni, kwa kawaida miligramu 6 kila saa 12 mara nne, ili mapafu ya mtoto yakomae. Dozi hizo huchukua siku moja na nusu. Anayefika njia imeshafunguka hupata sindano moja, au asipate kabisa. Haizuii uchungu, kwa hiyo asichomwe zahanati akarudishwa nyumbani.

Safari ipangwe siku hiyohiyo ya kliniki: namba za manahodha wawili, pesa ya mafuta, nani atamsindikiza, na maji ya bahari yakitoka boti itapita wapi. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, mwenye hatari kubwa ni heri ahamie mapema kwa jamaa karibu na Hospitali ya King Fahd, mjini Lamu. Kulala kitandani mchana kutwa hakuzuii uzazi wa mapema, na huweza kugandisha damu miguuni.

Usimalizie kwa "umeelewa?", kwa heshima atakwambia ndiyo. Mwambie amwonyeshe mumewe au mamamkwe namna ya kushika tumbo, wewe ukitazama. Akikosea mahali pa vidole, mrekebishe, arudie.