Pete ya tsavoraiti: jinsi ninavyoiosha na kuitunza

Mteja aliniletea pete ya tsavoraiti, kito cha kijani, Jumamosi akilalamika kuwa jiwe lake limekufa. Nikaigeuza. Nyuma ya jiwe, mle kwenye tundu la dhahabu, kulikuwa kumeganda unga wa chapati, mafuta na sabuni. Mwanga haukuwa na pa kupitia. Alikuwa akiifuta juu kila siku, huku chini hajawahi kugusa.

Chukua bakuli, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Iache pete humo dakika 10, kisha isugue kwa mswaki laini wa mtoto, ukianzia nyuma. Suuza kwenye bakuli jingine, si juu ya sinki (jiwe lililolegea likizama kwenye bomba limekwenda), halafu kausha kwa kitambaa cha pamba. Yake ilipotoka majini, kijani kiliwaka hadi akanyamaza.

Usitumie majivu wala dawa ya meno. Ugumu wa tsavoraiti ni 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, na mchanga wa kwatsi uliojaa kwenye vumbi letu la Voi ni 7, hivyo unaweza kuikwaruza. Ndiyo maana siifuti kavu: kwanza maji, vumbi liondoke. Usiichemshe, wala usiitoe kwenye maji ya moto ukaitia kwenye ya baridi. Usiiweke pamoja na tanzanaiti pia, kwa kuwa tanzanaiti ni laini zaidi na itakwaruzwa. Kila moja ipate kifuko chake.

Wengine huipaka mafuta kwa sababu wamesikia zumaridi hutiwa mafuta. Hiyo hufanywa kuficha nyufa za zumaridi. Tsavoraiti ni ganeti, jamii nyingine ya vito, na kwa desturi huuzwa bila kupashwa moto wala kutiwa mafuta; rangi yake inatokana na metali za vanadi na kromi za ardhini. Kwangu hilo ndilo linaloipa heshima.

Naulizwa sana kuhusu baraka zake. Warumi wa kale waliamini kuwa kutazama zumaridi hupumzisha macho, lakini jiwe letu halina hadithi za kale hivyo. Mjiolojia Campbell Bridges alilikuta Tanzania mwaka 1967, baadaye huku Kenya, Taita Taveta, na kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani ikalipa jina linalotokana na Tsavo mwaka 1974. Simuuzii mtu kwa ahadi ya dawa.

Jambo la mwisho linaniuma. Fundi mmoja aliichomelea pete ya mama yangu jiwe likiwa ndani, ufa ukapita katikati. Sasa nasema mapema: toa jiwe kwanza, ndipo uwashe moto. Na nikirudishiwa pete, naishika karibu na sikio na kuigonga kwa ukucha. Jiwe likicheza, utalisikia.