Kukagua ushabti kabla ya kununua: karatasi kwanza, kitu baadaye

Ushabti ni kisanamu chenye umbo la maiti aliyeviringwa sanda. Wamisri wa kale walimzika mtu na visanamu hivi ili vimfanyie kazi za shamba huko ahera. Seti kamili ya karne za 11 hadi 8 KK ilifika vipande 401: vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wasimamizi 36. Kwa wingi huo, ushabti ndiyo kitu cha Misri ambacho mkusanyaji mpya hukutana nacho mapema mnadani, na bandia zake zimejaa sokoni.

Kazi yangu ni kukagua vitu hivi kwa niaba ya wanunuzi. Wanaoniandikia kwa Kiswahili, wengi wakiwa Ulaya na Ghuba, huniuliza, "Je, hii ni ya kweli?" Hiyo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni: ilitoka Misri lini, na kwa njia gani? Majibu ya maswali haya mawili hayategemeani. Mwaka 2003 jumba la makumbusho la Bolton, Uingereza, lilinunua sanamu iliyodaiwa kuwa ya binti mfalme wa Amarna, mji wa kale wa Misri, kwa karibu pauni 440,000. Karatasi iliyoambatana nayo ilikuwa katalogi halisi ya mnada wa 1892. Sanamu yenyewe ilichongwa na Shaun Greenhalgh, mkazi wa Bolton hiyohiyo, ambaye alifungwa mwaka 2007. Kisha mwaka 2017 jumba la Metropolitan la New York lilinunua jeneza lililopakwa dhahabu la kuhani Nedjemankh kwa karibu dola milioni 4. Jeneza lilikuwa la kweli kabisa. Kibali chake cha kutoka Misri kilighushiwa: lilikuwa limeibwa mwaka 2011, na mwaka 2019 likarudishwa kwao.

Ndiyo maana naanza na karatasi. Kitu kizuri kikishakaa mkononi, macho huanza kukitetea.

Hatua ya 1: Weka mstari wa mwaka, usiuvuke

Sheria namba 117 ya 1983 ilikomesha biashara ya mambo ya kale ndani ya Misri. Kabla yake kulikuwa na maduka yenye leseni, na hata Jumba la Makumbusho la Cairo lilikuwa na chumba chake cha mauzo. Wanaakiolojia wa kigeni nao waligawana na serikali ya Misri walichofukua, na mafungu yao yakasambazwa kwenye makumbusho na kwa wafadhili wa uchimbaji. Kwa hiyo zipo ushabti zilizotoka kihalali. Lakini makumbusho mengi leo hutumia mwaka wa Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, 1970, na mimi pia nausimamia huo. Muuzaji asipoonyesha kwamba kitu kilikuwa nje ya Misri kabla ya mwaka huo, sikiangalii.

Muulize kwa maandishi, naye akujibu kwa maandishi: alikipata kwa nani? Huyo aliyemuuzia alikipata wapi? Kimewahi kupigwa picha au kuchapishwa? Kibali cha kutoka Misri kiko wapi? Jibu la "mkusanyo wa familia ya Ulaya, miaka ya 1960" halina mtu, halina mji, halina hati. Nalihesabu kuwa si jibu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mahali kama Abusir el-Meleq, nchini Misri, ambako baada ya 2011 makaburi yalifukuliwa hovyo. Mwizi akichomoa ushabti moja ya kuuza, huvunja jeneza na kutawanya mifupa, na hakuna atakayejua tena ni nani alizikwa na nani. Fedha ya mnunuzi wa mwisho ndiyo inayomlipa yule mchimbaji wa usiku.

Hatua ya 2: Kagua karatasi kama unavyokagua kitu

Hapa ndipo natumia muda mwingi, na wanunuzi wengi hawatumii hata dakika moja.

Anza na jina la nchi. Misri ilikuwa ufalme hadi 1953, ikawa jamhuri, na kuanzia 1958 hadi Septemba 1971 iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Jina la Jamhuri ya Kiarabu ya Misri lilikuja baada ya hapo. Kibali cha jeneza la Nedjemankh kilikuwa cha Mei 1971, lakini muhuri wake ulibeba jina ambalo nchi ilikuwa haijalichukua bado. Kukagua hilo hakuhitaji maabara. Kunahitaji mtu asome muhuri na alinganishe na kalenda.

Kisha angalia majina ya wafanyabiashara. Maduka ya zamani ya Cairo yanajulikana, na miaka waliyoishi wenye maduka hayo inajulikana. Maurice Nahman, kwa mfano, alifariki mwaka 1948. Barua yenye saini yake ya 1955 haiwezekani. Fanya hivyohivyo kwa anwani, namba za simu na misimbo ya posta: je, miaka hiyo ziliandikwa namna hiyo?

Halafu kagua karatasi yenyewe. Nunua taa ndogo ya urujuanimno, zima taa za chumba, umulike. Karatasi za kisasa nyingi zina kemikali ya kung'arisha weupe iliyoenea kuanzia miaka ya 1950, na chini ya taa hii huwaka bluu-nyeupe. Lebo inayodai kuwa ya 1920 ikiwaka hivyo, haikutengenezwa 1920. Usiichukulie rangi ya kahawia kuwa ushahidi wa uzee. Mwingereza Jonathan Tokeley-Parry na mshirika wake Frederick Schultz, mfanyabiashara wa New York, walibuni mkusanyo usiokuwepo, wakauita wa Thomas Alcock, na lebo zake zilizeeshwa kwa chai. Mahakama ya Marekani ilimtia Schultz hatiani mwaka 2002.

Hatua ya 3: Funga karatasi na kitu

Risiti ya "ushabti moja ya bluu, Luxor, 1936" inaweza kuwa ya ushabti yoyote ya bluu duniani. Tafuta kinachozifunga pamoja: kipimo cha urefu, maandishi yaliyonakiliwa, au, bora zaidi, picha ya zamani. Katika picha linganisha makovu: kipande kilichomeguka, ufa uliokwenda kiunoni, mahali tabaka la juu linalong'aa lilipobanduka.

Geuza kitu, utazame nyayo na mgongo. Wachimbaji wengi wa zamani waliandika alama kwa wino mweusi: herufi ya eneo na namba ya kaburi. Taasisi ya Griffith ya Oxford na Chuo Kikuu cha London wameweka mtandaoni mradi unaoeleza alama hizo na orodha za mgawanyo wa vitu vya uchimbaji wa Waingereza. Ukiipata alama na ukaisoma sawasawa, umepata kaburi, mwaka na mchimbaji kwa mpigo.

Jina la mwenye ushabti nalo husaidia. Mwaka 1888 mwanaakiolojia Flinders Petrie alikuta huko Hawara, Misri, kaburi la kuhani Horudja likiwa na ushabti 399, na leo zimetawanyika katika nchi nyingi. Lakini angalia: jina maarufu ndilo linalonakiliwa pia. Linakuelekeza pa kutafuta, halikuthibitishii kitu.

Hatua ya 4: Sasa kitazame

Ushabti nyingi za vipindi vya mwisho ni za fayensi. Fayensi ya Misri si udongo wa mfinyanzi. Ni kwatzi (madini magumu ya mchanga) iliyosagwa, ikachanganywa na magadi au jivu la mimea, na chokaa kidogo, na shaba ndiyo iliyoleta bluu au kijani. Kwa hiyo tafuta palipomeguka na utazame ndani kwa lenzi ya kukuzia: uone punje kama za sukari, nyeupe, kijivu au kahawia hafifu. Ukiona plasta laini au plastiki, safari imeishia hapo.

Mchanga ulioganda kwenye mikunjo hauthibitishi kitu. Mulika kwa ile taa: gundi na rangi za kisasa mara nyingi huwaka tofauti na sehemu zinazozizunguka. Kung'aa kwa doa dogo kunaweza kuwa ukarabati wa haki. "Uchafu" wote ukiwaka, umepakwa. Usikitumbukize majini hata mara moja, kwa sababu fayensi ya kale hubeba chumvi na inaweza kubanduka.

Kinachowaumbua waghushi mara nyingi ni kuchanganya vipindi. Ushabti za nasaba ya 21, yaani ukoo wa 21 wa wafalme wa Misri, kama zile za Pinudjem I kutoka Deir el-Bahari, ni za bluu kali, nywele na maandishi yamechorwa kwa rangi nyeusi, kichwani kuna utepe, na mgongoni hakuna nguzo. Za Kipindi cha Mwisho, kuanzia 664 KK, mara nyingi ni za kijani hafifu, zimetolewa kwenye kalibu, zina ndevu, nguzo mgongoni na kitako cha kusimamia. Mikononi jembe na sururu, na mfuko wa mbegu umening'inia begani kushoto. Kisanamu cha bluu kali chenye rangi nyeusi, nguzo na kitako kwa pamoja kinahitaji maelezo makubwa sana.

Skarabu, yaani hirizi zenye umbo la mende, zina tatizo lake. Jina la Thutmose III liliendelea kuchongwa juu yake karne nyingi baada ya mfalme huyo kufa, kwa hiyo jina halikupi tarehe, hata skarabu ikiwa halisi. Kwa bronzi, wingi wa zinki katika kitu kinachodaiwa kuwa cha zama za mafarao ni dalili mbaya.

Hatua ya 5: Soma maandishi, hata kama hujui kusoma

Alama za watu na wanyama hutazama upande ambao mstari unaanzia. Ndani ya mstari mmoja zote zitazame upande mmoja. Ndege wakitazamana hovyo, mchongaji alikuwa anapamba tu. Maandishi marefu ya ushabti kwa kawaida ni sura ya 6 ya Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa maandiko ya mazishi ya Wamisri wa kale, nayo imechapishwa mara nyingi, hivyo unaweza kulinganisha alama kwa alama. Uzembe peke yake si kosa. Hata mafundi wa kale walikuwa na haraka.

Hatua ya 6: Maabara, kwa kiasi

Kwa mbao, kipimo cha kaboni 14 hueleza mti ulikufa lini. Haisemi ulichongwa lini, na waghushi hupenda mbao za majeneza ya kale. Kipimo cha mwanga-joto, kinachokadiria chombo kilichomwa lini, kinafaa vyungu vilivyochomwa, na jiwe lisilochomwa halisaidiki na chochote kati ya hivi viwili. Ukionyeshwa cheti, uliza sampuli ilichukuliwa sehemu gani ya kitu, ukalitafute tundu lake.

Hatua ya 7: Orodha za wizi na sheria ya unakoishi

INTERPOL ina programu ya bure ya simu iitwayo ID-Art, itumie. Art Loss Register, orodha ya vitu vya sanaa vilivyoibwa, hutoa cheti kwa malipo. Elewa maana ya cheti hicho: kitu hakijaripotiwa. Ushabti iliyofukuliwa usiku haikuwahi kuorodheshwa popote, kwa hiyo itapita safi.

Kuingiza vitu vya akiolojia vyenye zaidi ya miaka 250 katika Umoja wa Ulaya kunahitaji leseni tangu tarehe 28 Juni 2025. Marekani ina vizuizi vyake kwa vitu vya Misri tangu 2016. Na ukipita Cairo safarini, ukaambiwa kwenye soko la Khan el-Khalili kwamba "hii ni ya kweli kabisa, imetoka kaburini", rudisha mezani: ama ni bandia, ama unaingizwa kwenye jinai.

Hatua ya 8: Baada ya uamuzi

Ukinunua, piga picha pande zote pamoja na rula, hifadhi kila hati na bahasha yake, na usiibandue lebo ya zamani wala kufuta namba ya wino. Ukikataa kwa sababu kitu kinaonekana kimetoka ardhini juzi, hifadhi nakala ya tangazo na picha zake siku hiyohiyo, kabla hazijaondolewa, kisha peleka kwa polisi wa nchi uliyopo na kwa ubalozi wa Misri ulio karibu nawe.